Nyumba ya ghorofa Tudor: mwaka mmoja na nusu tangu nipewe ufunguo

Nilipompelekea nyanya habari kwamba nimenunua nyumba Tudor, hapa Mombasa, ghorofa ya sita, alikuwa akikuna nazi. Hakuacha kukuna. Aliuliza tu, "Na kiwanja cha nani?" Nikamweleza kwamba kwenye ghorofa kiwanja si cha mtu mmoja, ni cha wenye nyumba wote. Akacheka mpaka mbuzi aliyoikalia ikatikisika. "Basi umenunua upepo, mjukuu wangu."

Kwa aliyezaliwa Majengo, swali lile si la utani. Nyumba yetu ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ni yetu kwa kuta, milango na mabati. Ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, na kodi ya kiwanja tumeilipa tangu babangu hajazaliwa. Mombasa imejaa nyumba za namna hiyo. Siku mwenye ardhi akiuza, mwenye kuta anaanza kutafuta wakili. Niliingia kwenye ununuzi huu na hofu hiyo moyoni, na imenifaa kuliko vijitabu vyote vya rangi nilivyopewa.

Nyumba yenyewe ni ya vyumba viwili vya kulala, shilingi milioni 6.4. Tuliinunua kwa ramani, mimi na ndugu yangu aliyeko Doha, wakati pale pana shimo na rundo la kokoto tu. Rubuni asilimia 30, yaani milioni 1.92. Halafu awamu nane za laki tatu kila miezi mitatu, na zilizobaki nikachukua mkopo. Tulitia saini Januari 2021 tukaahidiwa ufunguo Desemba 2022. Tuliupata Septemba 2023. Miezi tisa ile nililipa kodi Kisauni huku pesa zangu zimelala Tudor, na maelezo tuliyopewa yalikuwa barua moja ya kulaumu bei ya chuma na simiti. Mkataba ulikuwa na faini yangu mimi nikichelewesha awamu. Ya kwao wakichelewesha nyumba, hakuna. Wakili alikipigia mstari kifungu hicho, mwenye mradi akakataa kukigusa, nami nikatia saini kwa sababu nilikuwa nimeshaipenda roshani kwenye picha. Hilo simlaumu mtu.

Sitautaja mradi. Ukipita Tudor, Ganjoni au Kizingo siku hizi utaona kreni kila upande, na pale Buxton zilipokuwa nyumba za zamani za manispaa sasa ni majengo marefu yaliyopangana. Kisiwa hiki ni kama kilomita 14 za mraba tu. Hakuna pa kwenda ila juu. Kwa hiyo nitakayosema yanaweza kukufaa hata kama hutonunua jengo letu.

Nianze na karatasi, maana hapo ndipo nilipopata thamani ya pesa ya wakili. Rasimu ya kwanza ya mkataba ilitufanya kama wapangaji wa muda mrefu: kila mmoja angepewa lizi ya nyumba yake na hisa moja katika kampuni ya kusimamia jengo, na ardhi ingebaki kwa jina la hiyo kampuni. Ndivyo ghorofa nyingi zilivyouzwa miaka yote. Dalali akaniambia, "Bosi, huo ndio mtindo, hata Nyali wote wako hivyo." Wakili wangu hakutaka kusikia. Sheria mpya ya umiliki wa nyumba za ghorofa ilikuwa imeanza kutumika Desemba 2020, wiki chache kabla ya sisi kutia saini. Alinieleza hivi: mpima ardhi anachora mpango wa jengo zima, unasajiliwa, halafu kila nyumba inafunguliwa rejista na hati yake peke yake. Ngazi, paa, ua na ardhi yenyewe vinakuwa vya wote kwa mafungu. Na kama ardhi ni ya lizi ya serikali, lazima iwe imebakiza miaka isiyopungua 21. Tulipofanya sachi, yaani kukagua rekodi za kiwanja kwenye ofisi ya ardhi, tukakuta yetu imebakiza 71. Hapo ndipo nilipopata jibu la nyanya, ingawa lilinigharimu ada ya wakili ambayo dalali aliniambia ni pesa ya kutupa.

Dalali pia "alisahau" kunitajia ushuru wa stempu. Ukinunua mjini ni asilimia 4, na kwa bei yetu ni shilingi 256,000. Ndugu yangu aliposikia alikata simu.

Siku ya kukabidhiwa nilikwenda na fundi mmoja wa mtaani kwetu, ndoo moja na sarafu ya shilingi ishirini. Msichana wa ofisi ya mauzo, mwenye fomu yake ya kutia saini, alituangalia kama tumekuja kufua. Fundi akagonga vigae kimoja kimoja kwa sarafu. Vilivyolala vizuri vililia kwa mlio mzito. Sebuleni kumi na vitatu vililia kama debe tupu, maana chini hamna simiti ya kutosha. Kisha akamwaga ndoo ya maji bafuni. Maji yakasimama kidogo kama yanafikiri, halafu yakaelekea mlangoni. Hayakwenda kwenye tundu hata kidogo. Yakavuka kizingiti, yakaingia chumba cha kulala, msichana akaruka na viatu vyake. Sikutia saini. Walirudia sakafu ya bafu na vile vigae kwa wiki tatu, na sasa maji yanajua njia. Kwa hilo nawapa haki yao: waliporekebisha, walirekebisha sawasawa.

Sasa maji. Hapa ndipo ningeomba kila mnunuzi akae chini anisikilize. Mombasa haina mto wake. Maji yetu matamu yanatoka mbali, Mzima, Baricho na Marere, na yanafika kisiwani yamechoka. Kwetu mfereji unatoa mara mbili kwa wiki, tena usiku. Kijitabu cha mauzo kiliandika "maji saa 24", na si uongo: kuna kisima, na pampu inapiga mchana kutwa. Ila ni maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu, chai inakuwa na ladha ya dawa, na birika langu la umeme lilivaa ukoko mweupe ndani ya miezi miwili kama limepakwa chokaa. Mfereji wa bafuni umekwisha liwa. Maji ya kunywa na kupikia tunanunua madumu ya mkokoteni, na mwenye mkokoteni anaishia chini. Kuyapandisha ni juu yako na lifti, kama lifti ipo siku hiyo. Ninalojuta ni kwamba sikuuliza lita ngapi za tangi la maji matamu na nyumba ngapi zinalitegemea. Tangi ni la lita 20,000, nyumba ni 48. Piga hesabu mwenyewe. Niliangalia jikoni, kabati na jipsamu ya dari, vitu ambavyo ningeweza kuvibadilisha mwenyewe, nikaliacha tangi ambalo siwezi kulibadilisha peke yangu.

Mengine ni ya kawaida. Ada ya huduma ni 7,500 kwa mwezi, na watu wengi hawalipi. Nusu ya madirisha ni giza mwaka mzima, kisha Desemba yanawaka yote, wageni wa siku mbili tatu wakishuka na treni kutoka Nairobi, muziki mpaka alfajiri. Hewa ya chumvi imeanza kula bawaba za dirisha na chuma cha roshani. Ukinunua, kikwaruze na ukipake rangi wewe mwenyewe kabla hujahamia, usingoje.

Nisikufanye udhani ni mabaya matupu. Roshani inaelekea mkono wa bahari wa Tudor, kaskazini mashariki, na huo ni uzuri ambao msichana wa mauzo hakuujua hata kuuza. Yeye aliuza mandhari. Mimi nilipata kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi, mji ukiwa unachemka kama sufuria, upepo unaingia sebuleni tangu asubuhi, na pangaboi linapumzika. Chumba cha nyuma kinachoangalia magharibi ni tanuri jioni, lakini sebule ile jamani. Ukienda kuangalia nyumba, uliza upepo wa kaskazi na wa kusi unapita wapi kabla ya kuuliza gari litaegeshwa wapi. Wazee waliojenga Mji wa Kale walijua hilo bila ramani.

Hati ilitoka Mei 2024, jina langu na la ndugu yangu, pamoja na fungu letu la ardhi. Jumamosi hii wenye nyumba tuna mkutano, wa kwanza ambao watu zaidi ya kumi wameahidi kuja, na ajenda ni moja: tangi la pili. Mwenyekiti anakadiria kila nyumba itoe elfu kumi na nane. Ukiniuliza nyota, natoa tatu kwa tano. Tangi likipatikana nitaongeza moja.

Mwezi wa pili mwaka huu nilimleta nyanya kwa mara ya kwanza. Lifti ilikuwa inafanya kazi siku hiyo, alhamdulillahi. Nikampa hati aishike. Aliigeuza, akaisogeza mbali na macho, akaniomba nimsomee mahali palipoandikwa fungu la ardhi, nikamsomea mara mbili. Akaikunja, akanirudishia, akatoka roshanini, kaskazi ikachukua leso yake nusura ipae. Akacheka. Kisha akaona ng'ambo ya barabara, kati yetu na maji, nguzo mpya zenye vyuma vilivyochomoza, mafundi wenye kofia za njano, na kibao chini chenye nambari za usajili na picha ya jengo la ghorofa kumi.

"Wamefika ya ngapi?"

"Ya nne, nyanya."

Akaivuta leso yake, akajifunga vizuri, akaomba kiti.