Ukumbi Mdogo wa Kondele na Sinema za Kutisha Zisizotegemea Damu

Kwa mkaazi wa Kisumu anayependa sinema za kutisha lakini amechoshwa na misumeno, matumbo yaliyopasuliwa na damu inayorushwa hadi kwenye kamera, ukumbi mdogo ulioko Kondele, katika ghorofa ya juu kabisa chini ya paa la mabati, unastahili nauli yake ya Ijumaa usiku. Mwenye ukumbi huchagua filamu zinazoichezea akili ya mtazamaji, na uteuzi huo ndio ulionifanya niandike tathmini hii. Filamu ya damu hushtua mapema na kuchosha mapema: kichwa cha tatu kikishakatwa, watu huanza kupiga gumzo, kununua njugu na kubahatisha nani atafuata. Filamu inayolificha tishio lake humwachia kila mtazamaji kazi ya kuikamilisha picha kwa hofu alizokuja nazo kutoka nyumbani, na hapo hakuna fundi wa majeraha bandia anayeweza kumfikia.

Nilipoenda mara ya mwisho ilionyeshwa Us, filamu ya Jordan Peele ya mwaka 2019, ambamo Lupita Nyong'o, ambaye babake alichaguliwa kuwa gavana wetu mwaka 2017, anaigiza wahusika wawili: Adelaide, mama anayeilinda familia yake, na Red, mwenye sura ile ile, anayekuja kudai maisha aliyonyimwa. Sitadai kwamba filamu hiyo haina damu, kwa maana mikasi imetumika vya kutosha. Hata hivyo, ukumbi ulinyamaza kabisa kabla familia hiyo haijaguswa, pale watu wanne walipoonekana gizani nje ya nyumba, wameshikana mikono, hawasogei wala hawasemi. Baadaye Red anapofungua kinywa, sauti yake inatoka kwa kukwaruza na kukatika, kana kwamba kila neno linavutwa kooni kwa nguvu, na jirani yangu aliyekuwa akitafuna mahindi aliacha kutafuna.

Mandhari ya namna hiyo hufaulu kwa sababu mwenye ukumbi ametumia fedha nyingi kwa spika kuliko kwa skrini, na madirisha yote yamefunikwa kwa mapazia mazito. Katika Get Out, filamu ya Peele ya mwaka 2017 ambayo pia imewahi kuonyeshwa hapa, wimbo wa mwanzo uliotungwa na Michael Abels ni wa Kiswahili, nao unamwonya kijana akimbie hata kabla hajafika kwa wazazi wa mpenzi wake. Mtazamaji asiyejua Kiswahili husikia minong'ono tu. Hapa Kondele, mama mmoja aliyeketi mbele yangu aliijibu skrini kwa uchungu: "Si umeambiwa, mwanangu? Rudi!"

Kasoro kubwa ni paa lenyewe. Mvua ya jioni kutoka ziwani ikianza, mabati hupiga kelele zinazozima kila kitu, na filamu iliyojengwa kwa ukimya haina pa kukimbilia. Ile ya misumeno ingestahimili. Ninamsihi mwenye ukumbi aweke dari kabla ya msimu wa mvua ndefu. Viti ni vya plastiki, na joto ni lile lile la Kisumu.

Kiingilio ni shilingi 200. Mhudumu wa mlangoni huwarudisha watoto kwa upole, jambo linalofaa, kwa kuwa hofu isiyo na damu si nyepesi kwao hata kidogo. Filamu huanza saa mbili usiku na mlango hufungwa muda mfupi baadaye, hata kwa aliyekwisha kulipa. Wapo wanaolalamikia utaratibu huo, lakini mimi ninauunga mkono, kwa sababu mwanga wa ngazini ukiingia mara moja tu, itachukua dakika nyingi kuwarudisha watu mahali walipokuwa.