Bodi ya TPA3116D2: hizo 50W+50W ziko wapi?

Bodi hizi ndogo za amplifaya za klasi D, yaani zinazokuza sauti kwa kuwasha na kuzima transista kwa kasi sana, zinapatikana kwa wingi kwenye maduka ya vipuri Kampala. Niliyoijaribu imechapwa 50W+50W. Ukiifunga kwenye betri ya sola ya volti 12, kama inavyofanyika katika vibanda vingi vya video, sahau hizo wati. Kwa spika ya ohmu 8 mita ilisoma volti 7.8 za AC kabla sauti haijaanza kukwaruza. 7.8 mara 7.8, gawanya kwa 8: wati 7.6 kila upande. Pima kwa mlio wa hezi 100, maana mita za bei nafuu hudanganya mlio ukiwa wa juu.

Chipu yenyewe, TPA3116D2, haina kosa. Wati zake 50 hupatikana kwa volti 21 na spika ya ohmu 4, tena sauti ikiwa imeharibika kwa asilimia 10. Duka halikusema hilo. Nilipobadili nikaweka chaja ya laptopu ya volti 19, ampea 4.74, nilipata volti 12.6, yaani karibu wati 20. Hapo besi ikatulia. Adapta ya volti 24 siiweki: kapasita kubwa za bodi hii ni za volti 25, hazina nafasi ya kupumua.

Ujanja huu wa namba si mgeni. Amplifaya ya klasi D ya Sinclair X-10 ya Uingereza, mwaka 1964, iliitwa ya wati kumi ikatoa kama wati 2.5. Lakini wao tatizo lao lilikuwa transista za wakati ule, zilizochelewa kuwaka na kuzima zikaishia kula nguvu kama joto. Leo transista ni nzuri, kinachopunjwa ni umeme unaoingia.

Mafundi wengi hukosea hapa: waya wa spika wenye alama (-) si graundi. Nyaya zote mbili za spika zina umeme, kwa hiyo ukiunganisha hasi za kushoto na kulia pamoja, kama kwenye amplifaya za zamani, bodi inajizima, au chipu inaungua kabisa.

Hitisinki yangu, kile chuma cha kupoza chipu, ilikuwa imebandikwa kwa gundi, imekaa upande. Niliing'oa, nikapaka pesti mpya ya kupitisha joto. Nyaya za spika zisokote na uzifanye fupi, zisisumbue redio. Hata hivyo, redio ya AM ikiwa karibu bado inapiga mluzi.