Nakala ya mlima wa Cézanne: kagua kwanza weupe wa karatasi

Nakala hii ina miezi minne ukutani kwangu, na bado kila asubuhi nasimama mbele yake kabla ya kutoka. Ni mlima Sainte-Victoire alioupaka mchoraji Mfaransa Paul Cézanne kwa rangi za maji mwaka 1905–1906. Mchoro wenyewe ni mali ya Tate, jumba la makumbusho ya sanaa Uingereza.

Ukiwa karibu unaona mistari michache ya penseli na madoa mepesi ya rangi yaliyotawanyika. Mama aliuliza, "Mwanangu, huyu mbona hakumaliza?" Nikamwomba akae kwenye kochi, autazame kutoka kule. Kwa mbali madoa yanashikana: bonde, miti, kisha mlima juu ya yote, ilhali sehemu kubwa ya karatasi haikuguswa na brashi. Cézanne aliacha tabaka moja likauke ndipo aweke jingine, kwa hiyo rangi ya chini inapenya kwenye ya juu.

Basi nakala inapona au inakufa kwenye ule weupe. Ya kwanza niliyonunua ilichapwa kwenye karatasi ya kung'aa yenye umanjano. Mwanga wa Provence, eneo la kusini mwa Ufaransa ulipo mlima huo, ukawa kama maji ya chai, penseli ikapotea kabisa. Niliumia, na muuzaji alikataa kunirudishia pesa. Hii ya pili, niliyoinunua kwingine, iko kwenye karatasi nene ya pamba isiyong'aa. Penseli inaonekana hadi pale mkono ulipopita mara mbili tatu ukitafuta ukingo wa mlima. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Cézanne alizaliwa Aix, mji wa Provence, mwaka 1839, mlima huo ukiwa jirani yake, na uzeeni alijenga karakana kwenye kilima cha Les Lauves, mahali unapoonekana vizuri. Aliuchora mara nyingi mno. Oktoba 1906 mvua ilimkuta nje akifanya kazi, akafariki siku chache baadaye. Nikikumbuka hilo, nauona mkono wa mtu aliyeujua mlima kiasi cha kutohitaji kuueleza wote.

Ukiagiza, chukua ukubwa ulio karibu na wa asili. Bango kubwa linayapanua madoa hadi yanaachana. Omba picha ya karatasi tupu pembezoni kabla ya kulipa. Na fundi wa fremu akuwekee kioo kisichoakisi, kisha uitundike mbali na dirisha.