Harper's Weekly za Alaska: zinafaa kununuliwa?

Marekani iliinunua Alaska kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, na matoleo ya miaka hiyo, yenye picha za Alaska, ya Harper's Weekly, gazeti la Marekani la kila wiki, ni hazina kwa mkusanyaji. Karatasi yake imetokana na matambara, ndiyo maana hadi leo inakunjika bila kuvunjika. Magazeti ya miongo ya mwisho ya karne hiyo yalichapwa kwenye karatasi ya mbao yenye asidi. Hugeuka kahawia na kumeguka pembeni.

Ukitaka kujua kama picha ni ya asili, shika lenzi ya mara 10. Mchongo wa mbao, yaani picha iliyochapwa kwa ubao uliochongwa, huonyesha mistari mizito, isiyo na vitone. Ukiona vitone vidogo vilivyojipanga kwenye picha inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1860, hiyo ni nakala ya baadaye. Kwenye picha kubwa tafuta mstari mwembamba mweupe unaokatiza anga au bahari: ni kiungo cha vipande vya mbao vilivyofungwa pamoja, kila kimoja kikichongwa na fundi wake. Kwa kweli, alama hiyo inapendeza kuliko picha yenyewe.

Picha yenye rangi isikupagawishe. Gazeti lilitoka jeusi na jeupe, rangi zilipakwa baadaye, na thamani inashuka. Uliza pia kama toleo limechomolewa kwenye juzuu, yaani matoleo mengi yaliyoshonwa pamoja kama kitabu: matundu ya uzi huangukia katikati ya picha ya kurasa mbili. Nunua toleo zima, kurasa 16. Lihifadhi kwenye mfuko wa polyesta, likiwa limelala; plastiki ya PVC hulichafua.