Semina ya kupima mikataba ya biashara, Shangani Mtwara: nyota tatu

Ada ilikuwa shilingi 120,000 kwa siku mbili, chai na chakula cha mchana ndani. Ukumbi upo Shangani, upepo wa bahari unaingia mpaka kwenye viti vya nyuma. Walioandaa sitawataja, maana nina lawama kidogo na sitaki kumharibia mtu riziki.

Mimi ni mbanguaji. Tuko kikundi cha wanawake, tunabangua korosho, tunakausha, tunamenya, tunafunga pakiti za robo na nusu kilo. Cheti sikukihitaji. Nilitaka kujua, mtu akisema redioni kwamba mkataba wa biashara huria na nchi fulani utatuletea neema, hiyo neema kaipigia hesabu wapi.

Asubuhi ya kwanza ndiyo iliyolipa ada yangu. Mwezeshaji, kijana kutoka Dar, alichukua mfano wa vifungashio, kitu kinachoninyima usingizi kila msimu. Tuseme vya nchi A vinafika bandarini kwa 100. Ushuru ni asilimia 25, nanunua kwa 125. Vya nchi B vinafika kwa 110, na ushuru huohuo vinakuwa 137.50, kwa hiyo hakuna anayevigusa. Serikali ikafunga mkataba na B. Sasa vya B ni 110, vya A vimebaki 125. Mimi nahamia B na nimeokoa 15, nashangilia. Lakini hazina ilikuwa inapata 25 kwenye vya A, sasa haipati kitu. Toa 15 kwenye 25: nchi imepungukiwa 10, na mbaya zaidi tumemwacha muuzaji wa bei nafuu tukamfuata wa bei ghali. Huko ndiko kuhamisha biashara, na mchumi Jacob Viner alishalieleza jambo hili mwaka 1950. Upande wa pili kuna biashara inayozaliwa: ushuru unaondoka, bei inashuka kweli, bidhaa ya mwenzako inachukua nafasi ya iliyokuwa ikitengenezwa nyumbani kwa gharama kubwa. Kupima mkataba ni kuviweka hivyo viwili kwenye mizani, pamoja na mapato ya forodha yanayopotea. Kijana alilieleza hilo kwa chaki na ubao tu, hata mama mmoja aliyesema hesabu zilimshinda tangu darasa la tano alikuwa anajibu kabla ya wengine.

Baada ya chakula tukaingia kwenye kompyuta, na hapo mambo yakalegea. Tulitumia SMART, programu ya kupigia hesabu za ushuru, iliyomo ndani ya WITS, mtandao wa takwimu za biashara wa Benki ya Dunia. Kujisajili ni bure. Unachagua nchi inayonunua, namba ya bidhaa ya forodha (korosho ghafi ni 0801.31, zilizobanguliwa ni 0801.32), unaandika ushuru mpya, nayo inakutolea biashara iliyozaliwa, iliyohamishwa na mapato yaliyopungua. Inapima soko moja moja. Ukitaka kuona uchumi mzima, pamoja na ajira na mishahara, kuna mfumo wa GTAP wa Chuo Kikuu cha Purdue, ambao kijana aliutaja tu akapita.

Ndani ya SMART kuna namba ambazo tayari zimejazwa. Mojawapo ni 99, unyumbufu wa ugavi, yaani programu inachukulia kwamba muuzaji anaweza kuongeza mzigo kadiri unavyoutaka bila bei kupanda. Aliyeiweka hiyo hajawahi kusimama kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mvua ya Novemba inanyesha na korosho ziko nje. Namba hiyo unaweza kuibadilisha, na tulipoishusha faida yote ilisinyaa. Lakini kijana aliionyesha harakaharaka kama kitu cha pembeni, wakati kwangu ndiyo semina yenyewe.

Halafu likaja swali la mzee mmoja, katibu wa chama cha msingi kutoka upande wa Tandahimba. Tulikuwa tunapima mkataba wa kubuni na nchi ambayo hatujawahi kuiuzia korosho zilizobanguliwa. Programu ikatoa sifuri. Mzee akauliza, "Mwanangu, sisi leo tunauza sifuri. Ushuru ukipungua, sifuri inazaa ngapi?"

Kijana akacheka, akakubali: haizai. Mfumo unaanzia kwenye biashara iliyopo leo, na usichouza leo hauwezi kukuuzia kesho. Kwa mikoa yetu, ambayo sehemu kubwa ya korosho zake huondoka ghafi, maana yake ni kwamba chombo hiki hakitamwona mbanguaji hata siku moja. Hilo lilistahili saa zima. Lilipewa dakika chache kabla ya umeme kukatika, hapahapa kwenye mkoa wa gesi ya Mnazi Bay.

Mzee hakuchoka. Akataka kujua ushuru wa Ulaya leo kwa korosho zilizobanguliwa ni kiasi gani. Ni sifuri, kwa kila nchi, iwe na mkataba au haina. Na sisi, kwa kuwa tumo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, tuna utaratibu wa "kila kitu isipokuwa silaha" tangu 2001, kwa hiyo hata bidhaa nyingine zetu zinaingia bure. Hapo ndipo mjadala wa 2016 ukanikaa vizuri kichwani, pale Tanzania ilipokataa kusaini mkataba wa ubia na Ulaya wakati Kenya ilisaini. Kenya haimo kwenye kundi hilo, ilikuwa na ushuru wa kuukwepa. Sisi tungefungua soko letu ili kupata tulichonacho tayari. Kenya ikaendelea peke yake, mkataba wake ukaanza kutumika Julai 1, 2024. Wakala wa forodha aliyekaa mbele yangu akauliza bidhaa za Ulaya zikiingia Mombasa bila ushuru zitaishia wapi, na jibu la kanuni za uasilia, zile za kuthibitisha bidhaa imetengenezwa wapi, lilikuwa zuri, ila fupi mno.

Ambacho hakikuguswa kabisa ni tozo yetu wenyewe ya kusafirisha korosho ghafi, wala mzigo unaovuka Ruvuma kwa mtumbwi bila karatasi. Takwimu za programu haziuoni.

Chakula kilikuwa kizuri, samaki wa nazi na wali, ingawa siku ya pili kiliisha kabla ya foleni kuisha.

Kama uko kwenye AMCOS, halmashauri au bandarini, nenda. Mwanafunzi wa uchumi mwenye intaneti, hiyo programu utajifunza mwenyewe nyumbani. Wakija Lindi wauze asubuhi ya kwanza peke yake kwa elfu hamsini, nami nitawaleta wenzangu wote wa kikundi. Beba kompyuta yako, na betri iwe imejaa.