Racor 500FG baada ya miezi saba: maji niliyoyatoa kwenye mazutu ya gari letu

Watazamaji wangu, karibuni tena. Kabla sijasema lolote, naomba muitazame chupa hii. Ni chupa ya kawaida ya maji ya kunywa, na vilivyomo vimetoka leo asubuhi chini ya chujio la mazutu (dizeli) la gari letu, hapa Himbi, mjini Goma. Juu mnaona mazutu, rangi yake njano inayoelekea kahawia. Chini, kwa kimo cha vidole viwili, limejitenga tabaka jingine, angavu kabisa, na mpaka kati ya hayo mawili umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Hayo ya chini ni maji. Nayakusanya kwa majuma matatu tu.

Gari lenyewe mnalijua: Toyota Prado ya mwaka 1998, injini ya 1KZ-TE ya lita 3. Magari ya namna hiyo yamejaa mjini, kwa hiyo sitayaeleza. Linapeleka watoto shuleni, linambeba mama yangu anapokwenda kliniki, na mara moja kwa mwezi linatufikisha Sake au Rutshuru kwa ndugu. Nataka lidumu miaka kumi mingine, na ndiyo sababu nilinunua chujio hili la pili, Racor 500FG la Marekani, nikalifunga kati ya tangi na chujio la kiwandani. Mara ya kwanza nililiona kwenye chumba cha injini cha boti moja ya Ziwa Kivu, na fundi wa boti ile aliniambia kwamba yeye hawezi kuondoka bandarini pasipo kulitazama kwanza.

Kilichonisukuma ni safari moja ya mwaka jana. Tulikuwa njiani kwenda Rutshuru, mazutu yakapungua, nikanunua bidoni mbili za lita ishirini kwa kijana mmoja kando ya barabara, mmoja wa hawa tunaowaita kadhafi. Hatujafika Kibumba gari likaanza kushtuka, likatoa moshi mweupe, kisha likazima huku watoto wamelala kiti cha nyuma. Fundi alipofungua pampu alinionyesha kutu kwenye chuma ambacho kilipaswa kung'aa kama kioo, na nozeli mbili, zile zinazonyunyiza mazutu ndani ya injini, zilikuwa zimekwama. Fedha niliyotoa siku ile ingenunua machujio kadhaa. Wala simlaumu kijana peke yake, kwa kuwa maji huingia kwa njia nyingi: bidoni iliyoachwa wazi mvua ikinyesha, tangi la chini ya ardhi lenye ufa, na hata tangi la gari lenu wenyewe, ambalo likilala nusu tupu katika baridi ya usiku wa huku, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500, hewa iliyomo hutoa umande kwenye kuta zake, na umande huo hutiririka chini.

Mazutu si chakula cha injini tu. Ndiyo mafuta yanayolainisha pampu na nozeli. Vipande vya ndani vya pampu vimeachiana nafasi ya mikroni chache, ilhali unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Maji yakipita hapo, chuma husuguana na chuma. Na wenye injini mpya zaidi, zile za D-4D za Toyota ambazo shinikizo la mazutu hupita baa 1,000, nawasihi wasikilize kwa makini kuliko mimi, maana nozeli zao ni ghali kuliko zangu na hazivumilii uchafu hata kidogo.

Sasa sogeeni karibu, kwa sababu sehemu ninayoipenda ni hii hapa chini: bakuli hili linaloonyesha ndani. Mazutu yakiingia huzungushwa kwanza, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko mazutu, matone makubwa pamoja na mchanga hutupwa pembeni na kuzama. Madogo hukutana juu kidogo, yakashikamana, yakawa makubwa, yakashuka pia. Yaliyobaki huzuiwa na karatasi ya chujio. Tazameni ninapomulika tochi kwa nyuma. Mnaona yale matone yanayobingirika sakafuni mwa bakuli kama shanga? Nikilitikisa gari kidogo yanakimbia upande mmoja, kisha yanarudi na kuungana. Na ule utando mweusi unaoning'inia ni uchafu wa vijidudu vinavyoota pale maji yanapokutana na mazutu. Chujio la chuma tupu lisingenionyesha hata kimoja kati ya hivi. Ningeendesha nikiwa na imani tu.

Namna ya kutoa maji ni hii. Injini imezimwa, na gari limesimama saa nzima ili kila kitu kitulie. Naweka chupa chini, nafungua kibomba hiki cha chini, na kama hakitoki kitu, nalegeza mfuniko wa juu ili hewa iingie. Maji yanatangulia. Mara tu rangi ya mazutu inapotokea, nafunga. Halafu najaza mazutu safi hadi juu, napaka mazutu kidogo kwenye mpira wa kuzibia, nakaza mfuniko kwa mkono. Msidharau mpira huo: chujio hili liko upande wa kuvutwa na pampu, kwa hiyo ufa mdogo hautavujisha mazutu nje, bali utaingiza hewa ndani, na asubuhi gari litagoma kuwaka huku mkihangaika na betri isiyo na kosa.

Bei ndiyo inayoniuma. Nilipoianza video hii nilikusudia kumwambia kila mmoja anunue, lakini nikifikiri zaidi, anayezunguka Katindo na Majengo tu na kujaza mazutu kituo kilekile anaweza kubaki na chujio la kiwandani, mradi kila juma afungue skrubu ya chini na kubonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake mpaka mazutu safi yatoke, wala asingoje taa ya chujio iwake kwenye dashibodi. Anayekwenda Rutshuru, Masisi au Minova na kununua kwa bidoni, huyo alinunue. Asikubali nakala za bei ndogo zenye umbo lilelile. Za asili karatasi yake hutambulishwa kwa rangi: kahawia ni mikroni 2, buluu ni 10, nyekundu ni 30. Mimi natumia ya buluu, kwa kuwa lile la kiwandani bado linachuja nyuma yake, na ya kahawia ingeziba upesi mno.

Mmoja wenu aliniuliza kama chujio hili linatosha kulitunza gari la dizeli. Halitoshi. Mafuta ya injini nabadilisha kila kilomita 5,000, bila kuongeza hata kilomita moja. Chujio la hewa nalifungua kila Jumamosi, kwani vumbi jeusi la mawe ya volkano lililobaki kwetu tangu lava ya 2002 na ya 2021 ni kama msasa ndani ya silinda. Mkanda wa taimingi, kilomita 100,000. Na kwenye rejeta, tafadhali, msitie maji ya ziwa, yana madini mengi yanayoganda kwenye njia za kupozea, na kichwa cha injini ya 1KZ kinajulikana kwa kupasuka kikipata joto kali.

Ijumaa ijayo, umeme ukiruhusu, nitaichana karatasi ya chujio iliyomaliza miezi saba mbele ya kamera. Kwa sasa nafunga kibomba, nawasha. Sikilizeni: mzunguko mmoja, imewaka, na bakuli ni safi.