Kikapu cha ukindu cha shilingi 8,000, baada ya miaka sita ya sokoni

Kikapu ninachokieleza hapa nilikinunua Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, wiki ya kwanza ya Juni 2019, kwa shilingi 8,000, kutoka kwa mama aliyekuwa ametandaza bidhaa zake juu ya turubai karibu na yanapoegeshwa magari ya Kibiti na Rufiji. Wiki mbili kabla ya hapo angeniuzia kwa 5,000, wala hakunificha. Alisema tu kwamba serikali imempandishia bei. Alikuwa na hoja. Katazo la mifuko ya plastiki lililotangazwa bungeni mwezi Aprili na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, lilikuwa limeanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Juni, na mji mzima ulikuwa unatafuta kitu cha kubebea nyanya. Kanuni ziliweka faini ya kuanzia 30,000 hadi 200,000 kwa atakayekutwa na mfuko uliokatazwa, au kifungo kisichozidi siku saba, kwa hiyo hata sisi ambao habari za mazingira zilikuwa hazijawahi kutukosesha usingizi tulijikuta tunauliza bei ya vikapu.

Kwanza nieleze kilivyotengenezwa, kwa sababu ubora na udhaifu wake wote umo humo. Makapu ya mizigo mizito na majamvi kwa kawaida hushonwa kwa miyaa, majani ya mti wa jamii ya mitende, ambayo ni migumu na haina urembo mwingi. Ukindu ni laini zaidi, hushika rangi vizuri, na kazi yake kubwa ni mikeka ya kulalia. Makuti ya mkindu hukatwa yakiwa machanga, huanikwa, huchanwa membamba, yale yanayotakiwa rangi huchemshwa nayo sufuriani, kisha husukwa ukili, yaani utepe mmoja mrefu. Ukili huo ndio unaozungushwa na kushonwa kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, kuanzia kitako kwenda juu, kiasi kwamba ukikigeuza kikapu unaona mzunguko ukianzia katikati kama gamba la konokono. Hakuna gundi wala msumari. Maana yake ni kwamba kikapu hiki hakichakai kwa kupasuka. Huchakaa kwa uzi wa mshono kulika, na uzi ukilika mahali pamoja, mtu mwenye sindano na subira anaweza kuurudisha. Nilichonunua mimi ni cha ukindu, chenye mistari ya zambarau na kijani. Nilikichagua kwa macho, na hilo ni kosa nililokuja kulilipia.

Malipo ya kwanza yalikuja mapema. Jumamosi ya tatu mvua ilinikuta kituoni, nikakikumbatia kikapu kifuani ili unga usilowe, na nilipofika nyumbani shati langu jeupe lilikuwa na mistari ileile ya zambarau, imepangika vizuri kana kwamba imechapwa kwa makusudi. Rangi haikutoka, na shati hilo sasa ni la kupalilia. Baadaye niliambiwa kwamba kikapu kipya cha rangi huloweshwa kwanza katika maji ya chumvi, kikaanikwa kivulini, ndipo kikaanza kazi. Nimejaribu njia hiyo kwa mkeka na ukatulia, ingawa kwa kikapu changu ushauri ulikuwa umechelewa.

Malipo ya pili yalikuwa mikono. Mikono ya kikapu cha aina hii husukwa kwa ukindu huohuo na kushonewa ubavuni, na hapo ndipo mzigo wote unapovuta. Changu kilidumu miezi kumi na minne. Siku hiyo nilikuwa na unga kilo 5, maharage kilo 2, nazi tatu, vitunguu, na chupa ya kioo ya mafuta niliyokuwa nimekwenda nayo dukani kupimiwa. Nikiwa ngazi ya tatu kutoka juu, mkono wa kushoto ukachomoka, na chupa ikatangulia kufika chini. Tangu hapo mafuta nayabeba katika kidumu. Kikapu nilikipeleka kwa fundi viatu wa jirani, akaipitisha mikono hadi kwenye kitako kwa uzi mzito wa nailoni, akavisha kipande cha tairi la baiskeli mahali pa kushikia, akanidai 1,500. Amerudia kazi hiyo mara moja tu tangu wakati huo. Ningekuwa mwuzaji wa vikapu ningevipitisha kwanza kwa fundi viatu kabla ya kuviuza, kisha niongeze bei bila aibu.

Kasoro nyingine ni ndogo, lakini anayetaka kununua afadhali azijue. Kitako chake ni cha mviringo, si bapa, kwa hiyo ndani ya daladala hakisimami mpaka ukibane kwa miguu. Hakikunjiki, hivyo huwezi kwenda nacho kazini ukitarajia kupitia sokoni jioni, labda uwe tayari kukaa nacho ofisini kutwa nzima mbele ya macho ya watu. Wakati wa masika kikiachwa sakafuni huota ukungu ndani ya siku chache. Changu hutundikwa msumarini na mara moja kwa mwezi hupigwa jua. Maji ya samaki yakishaingia katikati ya ukili, harufu yake haitoki kwa sabuni wala kwa limau. Ndiyo maana nilimpa mshonaji 3,000 anitengenezee bitana ya kitambaa cha turubai, ambayo huvuliwa na kufuliwa, na samaki na nyama vina vyombo vyao.

Sasa hesabu, kwa kuwa mimi ni mtu wa daftari. Kikapu 8,000, matengenezo mawili 3,000, bitana 3,000: jumla 14,000 kwa miaka sita. Kabla sijakizoea, kwa miezi michache, nilikuwa nikitumia pia mifuko mbadala, ile ya kitambaa chepesi iliyokuwa ikiuzwa 500 kwa saizi kubwa, na kwa mizigo yangu mfuko mmoja ulistahimili safari nne hivi kabla mkono wake haujakatika. Mimi huenda sokoni mara mbili kwa wiki, yaani safari 104 kwa mwaka, sawa na mifuko 26, sawa na 13,000 kila mwaka. Kwa miaka sita ingekuwa 78,000. Tofauti ya 64,000 si ya kununulia kiwanja, na sitaki kumdanganya mtu kwamba kikapu kitamtajirisha. Lakini ni fedha ambayo ingekwenda moja kwa moja kutoka mfukoni hadi jalalani bila kupita tumboni.

Na hiyo mifuko mbadala inastahili neno lake, kwa sababu wengi wetu tunaichukua tukiamini tumeachana na plastiki. Inashikika kama kitambaa, ila imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki vilevile. Shirika la Viwango liliweka kiwango cha uzito wa gramu 70 kwa mita ya mraba ili mfuko uweze kutumika mara nyingi, na ulio mzito hivyo kweli hudumu. Sokoni lakini hukutana na myepesi kiasi kwamba ukiuinua juani unaona vidole vyako upande wa pili. Kibaya zaidi ni vifungashio, vile vimifuko laini vinavyong'aa, ambavyo kanuni ziliviacha kwa ajili ya kufungashia bidhaa kama za vyakula vya viwandani, dawa na kilimo, lakini muuza mchicha anavitoa kama vibebeo, na mnunuzi anapokea akijua. Mwenye kikapu hukataa bila hotuba. Husogeza kikapu mbele, mchicha unaingia, biashara imekwisha.

Kwenye bucha mambo hayakuwa mepesi hivyo, na hapa ndipo kikapu kilinifundisha jambo nisilolitegemea. Nilikuwa nakwenda na bakuli langu lenye mfuniko ili nisifungiwe nyama katika plastiki, na mara ya kwanza mwenye bucha alilichukua, akalibandika kwenye mizani na kuanza kujazia nyama humo humo. Nikamwomba apime nyama kwanza, kisha aitie bakulini.

"Mzee, bakuli lenyewe lina uzito gani hata tugombane?"

Nikamwambia tulipime, kama halina uzito nitaomba radhi. Lilikuwa na robo kilo kasoro kidogo. Alicheka, akaomba radhi yeye, na kwa kuwa shingo yangu ilikuwa imeshainama kwenye mizani nikaona kwamba stika ya Wakala wa Vipimo iliyobandikwa pale ilikuwa ya mwaka uliotangulia, ilhali mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka. Nilimweleza kwa sauti ya chini, si mbele ya wateja. Hakufurahi. Wiki tatu baadaye stika mpya ilikuwepo, naye akanionyesha kwa kidole kabla sijamsalimia. Sijui kama ni mimi au ni maofisa waliopita, na wala sioni haja ya kuuliza. Ninachojua ni kwamba kwa miaka yote niliyokuwa nikikabidhiwa nyama ikiwa imeshafungwa, sikuwahi kuitazama mizani ile hata siku moja.

Dukani kwenye milango ya kioo, yale maduka makubwa ya kujichukulia, kikapu huleta mashaka ya namna nyingine. Mlinzi atakutaka ukiache mlangoni, jambo la haki, na ukishalipa utakichukua na kupanga vitu vyako mwenyewe. Tatizo ni kwamba bidhaa zisizokuwa ndani ya mfuko wa duka humfanya mlinzi akutazame mara mbili, kwa hiyo risiti huishika mkononi mtu asiyetaka aibu. Mazoea hayo yamehamia hadi kwenye maduka ya mtaani yenye mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kutoa risiti. Ule wito wa Mamlaka ya Mapato, "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", nilikuwa nausikia redioni kama wimbo wa matangazo. Siku hizi nasimama mpaka karatasi itoke. Muuzaji akiniuliza kama nataka bei ya risiti au bei isiyo na risiti, namjibu kwamba kama duka linatoza kodi ya ongezeko la thamani, basi imo ndani ya bei iliyobandikwa, nami nimeshaitoa, sasa anataka ibaki kwa nani? Nimewahi kupoteza punguzo la 2,000 kwa msimamo huo, na mke wangu hajalisahau.

Kuna pia suala la macho ya watu. Mwanamume wa umri wangu akipita na kikapu cha zambarau begani, atasikia mengi. "Baba, leo mama anaumwa?" huulizwa kwa heshima, vijana wa bodaboda huniita mzee wa kapu bila heshima yoyote, na mmoja alitaka kujua kama natafuta kazi ya kupika shughuli. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikichagua njia za nyuma. Sasa muuza nyanya ananitambua kwa kikapu kabla ya sura, huniwekea zile ngumu za kukaa juu, na akikosa chenji hunikopesha bila kuandika.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, mtaa wetu huzibua mtaro unaopeleka maji upande wa bonde la Msimbazi. Kabla ya 2019 reki ilikuwa ikipanda na rambo, ile mifuko ya plastiki, bluu na nyeusi, zimejazana matope kama soksi. Rambo zimepungua sana, hilo nimeliona kwa reki yangu mwenyewe. Zinazopanda sasa ni chupa za maji, pampasi na vile vifungashio vinavyong'aa, na vitambaa vya mifuko mbadala iliyokatika mikono. Vipande vya ukili sijawahi kuvikuta, labda kwa sababu kikapu kikifa huoza, au kwa sababu watu wenye vikapu bado ni wachache mno.

Kwa atakayekwenda kununua, ushauri wangu ni huu: kama ni cha mizigo, achana na rangi na utafute cha miyaa, kigeuze, uvute mshono wa kitako kwa kidole gumba, kisha kining'inize kwa mkono mmoja kikiwa na kitu kizito ndani, muuzaji akinuna mwache anune. Mwezi uliopita nilirudi Rangi Tatu kutafuta cha pili, kidogo, chenye kitako bapa, nikiwa nimekibeba kile cha zamani ili mama aone kazi yake ilivyodumu. Alikipindua juu chini, akapitisha ukucha mahali ambapo mzunguko wa pili umeanza kuachia, akanirudishia.

"Huu si mshono wangu, baba. Huu ni wa wifi yangu. Wangu usingefumuka hapa."

Alichonichagulia ni cha miyaa mitupu, hakina hata mstari mmoja wa rangi. Alitaka 15,000, tukamalizana kwa 12,000, na kile cha wifi akakizuia mpaka wiki ijayo akakirudishie mshono, bure, kwa sababu, alisema, watu watadhani ni yeye.